Amri Moja, Milango Miwili: Menyu na Upauzana Vishirikiane Hadi Wapi?

Mtumiaji hajafungua faili lolote. Ndani ya menyu neno "Chapisha" limefifia, kama inavyotakiwa, lakini juu kwenye upauzana, ile safu ya vitufe vya picha, kitufe chenye picha ya printa bado kinang'aa. Anakibonyeza, programu inaanguka. Kosa hili nililifanya mwenyewe katika programu ya stoo ya duka, na chanzo chake ni cha aibu: niliandika amri ileile mara mbili, na siku ya kurekebisha nikakumbuka upande mmoja tu.

Dawa ipo tangu zamani. Swing, maktaba ya Java ya kujengea madirisha na vitufe, iliyoingia katika JDK 1.2 (zana za kuandikia Java) mwaka 1998, ina kiolesura cha msimbo kiitwacho Action. Delphi 4, zana nyingine ya kuandikia programu, ya mwaka huohuo ilikuja na TActionList, na Qt, maktaba ya C++ ya kazi hiyohiyo, ina QAction yake. Kote wazo ni lilelile: amri inakuwa kitu kinachojitegemea, kikibeba jina, ikoni, mkato wa kibodi na hali ya kuwaka au kuzimwa, kisha menyu na upauzana vyote vinapewa kitu hicho kimoja. Ukiita setEnabled(false) mara moja, pande zote zinafifia. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana, ya tafsiri. Neno likikaa mahali pamoja, huwezi kukuta "Hifadhi" kwenye menyu na "Weka" kwenye upauzana kwa kazi ileile, jambo ambalo sisi tunaotafsiri programu kwa Kiswahili tunalijua vizuri mno.

Wanaopinga kuunganisha hivi nao si wakaidi tu. Menyu ina nafasi ya maneno, upauzana hauna. "Hifadhi Kama…" na nukta zake tatu inakaa vizuri menyuni, ila chini ya ikoni inabanana. Swing ilisubiri hadi Java 6, mwaka 2006, ndipo ikapata LARGE_ICON_KEY, yaani ikoni ya pili kwa ajili ya vitufe, pamoja na njia ya kukificha kitufe jina lake. Qt ina iconText pembeni ya text. Usipoijaza, inachukua lile jina la menyu na kulinyofoa nukta. Kwangu hivi ni viraka, na viraka vinaonyesha kwamba nguo iliyoshonwa kwa mmoja inavalishwa wawili.

GTK, maktaba nyingine ya aina hii, ilienda mbali zaidi. GtkAction ya toleo la 2.4, mwaka 2004, ilibeba maandishi na ikoni kama wenzake. Ilipofika 3.10, mwaka 2013, ikatangazwa kuwa imepitwa na wakati, na nafasi yake ikachukuliwa na GAction, ambayo haina maandishi wala ikoni: ina jina, aina ya kigezo (data inayopokea), hali, na kama inaruhusiwa kutumika. Mavazi yanabaki kwa menyu na kitufe chenyewe. Naona mgawanyo huu ndio sahihi, kwa sababu kinachouma kikitofautiana ni kazi na hali yake, si urefu wa maneno.

Lakini si bure. Menyu inaiita amri kwa jina la maandishi, kama "win.print". Ukikosea herufi moja, kikusanyaji, yaani programu inayogeuza msimbo uwe programu, hakisemi neno; kipengele cha menyu kinafifia tu, nawe unakesha ukitafuta sharti la kuruhusu ambalo halina kosa lolote. Na kwa kuwa menyu na kitufe kila kimoja kina maandishi yake, lile tatizo la tafsiri mbili linarudi kwa mlango wa nyuma.

Programu yangu ya stoo bado iko kwenye Qt, na "Chapisha" sasa ni QAction moja. Amri za "Futa" nimeziacha ziwe mbili kwa makusudi. Ya upauzana inafuta mistari yote iliyochaguliwa. Ya menyu ya kubofya kulia inafuta mstari ulio chini ya kipanya. Nilipojaribu kuziunganisha, ndani ya amri ile moja palijaa maswali ya "umeitwa kutoka wapi?", kwa hiyo nikazitenganisha, na zote mbili sasa zinaita funsheni moja inayopokea orodha ya mistari.