Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda: kliniki ya wabobezi au daktari wa karibu?

Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda ni magonjwa ya uvimbe wa kudumu kwenye utumbo, ambayo hutulia, kisha hurudi, kwa miaka mingi. Wapo wanaotaka kila mgonjwa afuatiliwe na wabobezi wa utumbo. Wengine wanaona daktari wa karibu anatosha, mradi dawa zipo.

Hoja ya wabobezi ina nguvu zaidi mwanzoni. TB ya utumbo na Crohn hupenda sehemu ileile, mwisho wa utumbo mwembamba, na vidonda vyake hufanana hata kwenye kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kuangalia utumbo mpana. Ukimpa mwenye TB steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) peke yake, anaweza kupata nafuu ya muda huku maambukizi yakisambaa. Kuitofautisha kunahitaji sampuli nyingi za nyama na mpatholojia aliyezoea kazi hiyo. Vivyo hivyo kwa infliximabu, dawa ya dripu inayodhibiti kinga ya mwili inayochochea uvimbe: hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. Kabla ya dripu ya kwanza ni lazima kupima TB iliyojificha na homa ya ini B, kwa sababu dawa hiyo huweza kuziamsha.

Kinachowaumiza wagonjwa wengi, hata hivyo, ni kidonge cha kawaida kabisa. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, mara nyingi huanza na miligramu 40 kwa siku na kupunguzwa miligramu 5 kila wiki. Hutuliza mlipuko, yaani ugonjwa unaporudi kwa nguvu, lakini haizuii unaofuata. Dalili zinarudi, mgonjwa anaandikiwa tena, safari hii na daktari mwingine, na hakuna anayehesabu. Mifupa inadhoofika, sukari inapanda. Anayehitaji mizunguko miwili ya steroidi ndani ya mwaka mmoja anapaswa kubadilishiwa tiba ya kudumu. Kliniki nzuri ya wabobezi huhesabu, na kwangu hiyo ni sababu kubwa kuliko mashine zake zote.

Lakini mlipuko haungoji tarehe ya miadi. Anayeanza kuhara damu leo hasaidiwi na kliniki ya miezi miwili ijayo. Daktari wa karibu anaweza kupima choo kutafuta maambukizi, hasa bakteria Clostridioides difficile, maana si kila kuhara ni ugonjwa kurudi. Anaweza kuuliza kuhusu diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huweza kuuchokoza utumbo. Kalprotektini ya choo, protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo, ikizidi mikrogramu 250 kwa gramu, uvimbe huenda umeamka. Ikiwa chini ya 50, tafuta sababu nyingine. Damu ya anayetumia azathioprini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili, nayo inaweza kupimwa karibu na nyumbani. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 909, ulionyesha kuwa ufuatiliaji kwa mtandao ulipunguza ziara za kliniki na hata kulazwa. Umbali wenyewe, basi, si kikwazo, ila wabobezi wawe wanapatikana upande wa pili.

Kuna hali moja ambayo haina mjadala. Choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na mapigo ya moyo yanayozidi 90, joto linalozidi 37.8 au hemoglobini iliyo chini ya gramu 10.5 kwa desilita, ni kulazwa siku hiyohiyo: steroidi ya mshipani, na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) pia. Wengi huiogopa heparini kwa sababu mgonjwa anatoka damu, ilhali hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huwa kubwa zaidi wakati huo. Daktari wa upasuaji ajulishwe tangu mwanzo. Siku ya 3, ikiwa hajapata nafuu, uamuzi ufanyike kati ya dawa ya akiba, inayotolewa steroidi ikishindwa, na kuondoa utumbo mpana. Hospitali isiyoweza kufanya lolote kati ya hayo impe rufaa mapema, mgonjwa angali na nguvu za kuhimili safari na kisu.

Kwa wengine wote, kinachokosekana mara nyingi ni karatasi moja iliyoandikwa na wabobezi na kukaa kwa mgonjwa: dawa na dozi, tarehe za kila mzunguko wa steroidi, nini kipimwe dalili zikianza, namba ya muuguzi wa kliniki, na mwaka wa kolonoskopi ya kuchunguza saratani, ambayo kwa uvimbe wa utumbo mpana huanza takriban miaka 8 tangu dalili za kwanza, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.