Lettow-Vorbeck hakushindwa, lakini koloni lilikwenda

Wapo wanaosema Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni lao lililokuja kuitwa Tanganyika, hakuwahi kushindwa Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1916 Waingereza waliteka Tukuyu na Iringa, na reli ya kati ikamponyoka. Novemba 1917 alivuka Ruvuma kuingia kwa Wareno, Msumbiji ya leo, akiwa hana koloni tena, na bado akapigana mwaka mzima. Septemba 1918 alirudi, akapita Songea na Njombe, akasalimu amri huko Abercorn, Mbala ya leo, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Kijeshi, kukosa miji ya kulinda kulimfanya mwepesi.

Ila jeshi lisilo na ghala hula kwa nani? Lilikula kwa Wabena, Wahehe na Wangoni. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi. Anayeiita kampeni ile ushindi ameiacha nje hesabu hiyo, nami siko naye.

Kisiasa ndiko Ujerumani ilikoumia. Katika mkataba wa amani wa Versailles, mwaka 1919, aliyeshika boma ndiye aliyepewa nchi, hata kama adui yake alikuwa porini na bunduki hadi vita vinakwisha. Ibara ya 119 iliyafuta makoloni yote ya Ujerumani. Ibara ya 246 iliitaka ilirudishe fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya miezi sita. Aliyelipigania ni Horace Byatt, mkuu wa utawala wa Waingereza: Wahehe waliwasaidia vitani, na fuvu lingewaonyesha kwamba Mjerumani ameondoka kweli. Yaani hata kichwa cha shujaa wetu kilitumika kama hati ya umiliki. Kilifika Kalenga mwaka 1954, Gavana Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi.

Je, wananchi walipata nini? Wengine husema alibadilika bwana tu, na kwa upande wa ardhi wana haki: tangu 1925 walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurudi, wakalima tena Iringa na Mufindi. Lakini Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza moja kwa moja. Ilishikwa kwa udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha Umoja wa Mataifa. Kenya, iliyokuwa koloni kamili, haikuwa na mlango huo wa kupeleka madai Umoja wa Mataifa. Mwaka 1955 Nyerere aliupitia, akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kudai nchi yake.