Maziwa ya Jioni Yanamhukumu Mfugaji Bure

Maziwa yakikataliwa kwenye kituo cha kukusanyia, wa kwanza kulaumiwa ni mkamuaji: hakunawa, hakuosha kiwele, banda limejaa samadi. Lawama hizo zina msingi. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutoa bakteria pamoja na maziwa, na sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus ikishatengenezwa haiondoki kwa kuchemsha. Kitambaa kimoja kikipangusa ng'ombe wanne, ugonjwa wa mmoja huweza kuwafikia wote.

Lakini kabla ya kumhukumu mtu kwa idadi ya bakteria, tuulize maziwa yalikamuliwa saa ngapi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi kinakomea bakteria 2,000,000 kwa mililita. Tuchukue mfugaji msafi ambaye maziwa yake yanaanza na 10,000. Maziwa yana kinga ya asili inayowazuia bakteria kwa saa chache. Ikiisha, na joto likiwepo, tukadirie wanaongezeka maradufu kila nusu saa. Baada ya saa nne wamefika 2,560,000. Jirani yake mchafu, aliyeanza na 80,000, anafika hapohapo kwa saa mbili na nusu. Kunawa, kuosha chuchu, kusugua ndoo: jitihada zote hizo zimempa yule msafi saa moja na nusu tu. Bila ubaridi, wote wawili wanarudishiwa maziwa.

Ndiyo maana maziwa ya jioni yananisumbua. Katika sehemu nyingi za milima ya Kenya, gari la ushirika hupita asubuhi. Maziwa ya jioni hulala nyumbani kwa mtu asiye na friji, labda dumu likiwa ndani ya beseni la maji. Asubuhi akiyachanganya na yaliyotoka kukamuliwa, anaharibu yote.

Dumu lenyewe ni kosa la kweli. Mdomo wake mwembamba hauingizi mkono, na mikwaruzo ya ndani hushika mafuta ambamo bakteria hujificha. Hata hivyo ni jepesi, linafungika vizuri kwenye bodaboda, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kopo la alumini. Kulipiga marufuku bila kumsaidia mchukuzi kupata kopo ni kumwadhibu kwa ufukara.

Semina za usafi wa kukamua ziendelee. Ila ushirika unaoweza kulipia semina ungeanza na tangi dogo la kupozea karibu na wafugaji, na gari la pili saa kumi na mbili jioni.