Pitts ya Mtumba: Ya Kiti Kimoja Iache Kwanza

Kwenye matangazo ya ndege zilizotumika kule Marekani, Pitts S-1 ndiyo inayowatoa watu udenda. Ni kandege ka sarakasi ka kiti kimoja, mabawa mawili moja juu ya jingine, mita tano na ushei kutoka ncha hadi ncha, rangi inang'aa, na bei mara nyingi haifiki nusu ya ile ya S-2B, dada yake mwenye viti viwili na injini ya nguvu farasi 260. Rubani mwenye akiba kidogo akiiona anaanza kupiga hesabu usiku. Mimi namwambia: kama hujawahi kurusha Pitts, hiyo iache. Tafuta S-2A ya viti viwili, hata iwe kuukuu, hata ikubidi uchangiane na wenzako wawili.

Ndege ya kiti kimoja haina pa kumweka mwalimu. Siku ya kwanza unaruka peke yako, na kazi haiko hewani, iko kwenye kutua. Pua na bawa la juu vinakuziba, ile njia ya lami iliyo mbele yako huioni. Unachokiona ni kingo zake tu, kwa pembe za macho. Ndiyo maana marubani wake huja kutua kwa kupinda, wakinyoosha dakika ya mwisho kabisa. Magurudumu makubwa ya mbele yakishagusa, uzito wa ndege uko nyuma yake, na mkia unataka kutangulia. Ukichelewa kwenye pedali za usukani wa mkia, inazunguka kama pia, na ncha ya bawa la chini inakwangua lami. Kampuni za bima hazikosei zinapodai saa kadhaa za mafunzo na mwalimu kabla hazijakukubali.

Mashabiki wa S-1 watanitajia Betty Skelton, rubani wa sarakasi wa Marekani. Kweli, aliinunua Pitts S-1 aliyoiita Little Stinker mwaka 1948, akawa bingwa wa wanawake wa Marekani kwa ndege hiyo, na leo imetundikwa kichwa chini kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian huko Virginia. Ila Skelton alikuwa tayari anafanya maonyesho kwa ndege nyingine ya sarakasi kabla ya kuigusa. Hakujifunzia humo.

Halafu kuna suala la nani aliijenga. Curtis Pitts, ambaye ndege yake ya kwanza ya aina hii iliruka mwaka 1944, baadaye aliuza michoro, na S-1 nyingi zilijengwa na watu binafsi kwenye gereji zao. Wapo waliochomelea mabomba vizuri kushinda kiwanda, na wapo ambao, basi tu. Hata jina halitoshi: S-1C ina bawa lenye tumbo bapa, S-1S ina bawa lililolingana juu na chini, linaloruka kichwa chini bila kinyongo. Tangazo likisema "Pitts S-1" na kuishia hapo, uliza.

Ukienda kuikagua, rangi isikupumbaze. Chini ya kitambaa mabawa ni mbao, na boriti kuu za mbao hupasuka ndege ikipinduka ardhini au ncha ya bawa ikigonga chini. Fungua vifuniko vidogo chini ya bawa, mulika kwa tochi, tafuta mistari myembamba inayokatiza nyuzi za mbao. Kisha nenda mkiani. Kila kinachodondoka ndege ikiwa kichwa chini, kalamu, sarafu, skrubu, kinaweza kuishia huko, na kinaweza kukwamisha usukani. Nikikuta takataka mkiani najua mwenye ndege alikuwa mtu wa namna gani, sihitaji kumwuliza mengi.

Injini isomwe kwenye vitabu vya matengenezo. Je, propela iliwahi kugonga chini? Ikiwa ndiyo, injini ilifunguliwa au ilipigwa rangi tu? Na aliyekuwa nayo alipenda michezo ya kuibiringisha ovyo angani? Propela nzito ya chuma inayozunguka kasi huku ndege ikibiringika huilazimisha kranki, ule mhimili wa injini unaoizungusha propela, kujipinda, na kranki zimewahi kuvunjika kwa sababu hiyo. Mwenye vitabu vilivyokatika katikati, hata akisema vilipotea alipohama nyumba, bei yake ishuke sana au muachane.

Weka pia pesa ya parashuti, ambayo kwa sheria za Marekani hufungwa upya na mtaalamu kila siku 180, na ya fundi atakayeikagua kabla hujalipa. Fundi huyo awe wako. Si rafiki wa muuzaji, si yule aliyeihudumia miaka yote. Kizuri chajiuza, na muuzaji wa Pitts nzuri hanuni akiombwa ifunguliwe. Akianza kusema kuna mnunuzi mwingine anakuja na fedha taslimu Jumamosi, mwachie huyo wa Jumamosi.