Nani ashike swichi ya intaneti vita vikianza?

Mwisho wa Februari 2022, Urusi ikiwa imevamia Ukraine siku chache tu nyuma, serikali ya Ukraine iliandikia ICANN, lile shirika la California linalosimamia majina ya mtandao dunia nzima, ikaomba anwani za .ru, yaani tovuti za Urusi, ziondolewe. ICANN ikakataa, ikasema kazi yao ni kufanya intaneti ifanye kazi sio kuizuia.

Sasa hapo mimi nawaelewa Ukraine kabisa, watu wako wanapigwa mabomu na propaganda ya adui inapita kwa mtandao huo huo, utaombaje kitu kingine? Lakini naona ICANN walifanya vizuri, juu ukishakubali mara moja kila vita italeta ombi lake, na Mrusi anayepinga vita naye atasomea wapi habari?

Kuna wenye wanasema basi hiyo kazi tupatie UN, kila nchi iwe na kura. Wana pointi, manake mpaka 2016 hiyo kazi ya majina ilikuwa chini ya mkataba na serikali ya Marekani na sisi huku hakuna aliyetuuliza. Shida ni hizo serikali zenyewe. Ethiopia ilikatia jimbo lake la Tigray mawasiliano vita vilipoanza Novemba 2020, watu wakauawa na jamaa zao hapa Nairobi wakakaa miezi hawajui nani yuko hai. Hata sisi Kenya, 25 Juni 2024 vijana wakiandamana Bunge net ilizorota, siku moja tu baada ya kuahidiwa haitazimwa, tukaambiwa ni kebo za baharini.

Lakini kuachia makampuni pia hapana!! Kuna profesa wa Ethiopia aliuawa Novemba 2021 baada ya kuchafuliwa jina Facebook, mtoto wake akashtaki Meta, wenye Facebook, hapa Nairobi, Meta wakasema korti ya Kenya haina mamlaka ya kusikiza kesi yao, na Aprili 2025 High Court ikasema kesi itasikizwa. Kwangu hiyo ndio njia, mitambo ya msingi ya intaneti, kama hayo majina, isiguswe na vita ya mtu, na mwenye anapata pesa kwa chuki ajibu kortini mahali watu wanaumia.

Na kabla serikali yetu iende UN kuomba nguvu zaidi juu ya mtandao, ituelezee kwanza vizuri hiyo 25 Juni.