Machozi ya Bagamoyo na ukimya wa Kilwa Kivinje

Nilikuwa darasa la sita tulipopelekwa Bagamoyo kwa ziara ya shule. Mwongoza wageni alitusimamisha ufukweni akatuambia kwamba watumwa walipofika hapo na kuiona bahari walijua hawarudi tena, wakabwaga mioyo yao, na ndipo mji ukapata jina. Wenzangu kadhaa walilia, nami nililia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jina hilo huenda halikutokana na kilio kabisa, na nakiri niliumia, kama mtu aliyenyang'anywa kitu alichokithamini.

Wanaoipinga hadithi ile wanaanza na lugha, na hapo wana nguvu. Kubwaga mzigo ni kuutua, na kubwaga moyo kwaweza kuwa kuupumzisha. Halafu wanauliza ni nani hasa waliokuwa wakiingia Bagamoyo kwa wingi katika karne ya 19. Walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, mara nyingi pembe za ndovu. Kutoka Tabora ni kama kilomita 800, safari ya miezi mitatu hivi ya vumbi, kiu na homa. Upo wimbo wa misafara unaoisifia Bagamoyo kwa minazi yake, pombe ya mnazi, majahazi na ngoma za usiku, na unauambia moyo utulie kwa kuwa safari imekwisha. Ukiusikia wimbo huo ukiwa umeshika ramani mkononi, tafsiri ya mapumziko inakaa vizuri sana.

Haina maana kwamba Bagamoyo haikuujua utumwa. Wamisionari Wakatoliki walifika mwaka 1868 na wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hata hivyo, lango kuu la watumwa katika pwani hii lilikuwa kusini, Kilwa Kivinje. Huko ndiko walikoshushwa watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa, kisha wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Watalii wa leo wanaofika Kilwa huvuka kwenda Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kivinje wanaipita. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko kosa la maana ya neno: hadithi tamu imeyahamisha machozi kutoka mahali yalikomwagika kwa wingi hadi mahali palipo karibu na Dar es Salaam.

Unguja nako kuna mfano wake. Pale Mkunazini wageni hushuka katika vyumba vya chini vyenye giza na kuambiwa kwamba watumwa walirundikwa humo wakisubiri mnada. Wanahistoria kadhaa wameeleza kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari wa Kianglikana baada ya soko kufungwa. Soko lenyewe lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kwenye uwanja ambao Askofu Edward Steere alijenga juu yake kanisa kuu.

Wanaotetea hadithi za waongozaji wana hoja ambazo sitaki kuzidharau. Mtoto haguswi na jedwali la mauzo ya pembe. Anaguswa na chumba chenye giza, naye akishaguswa ndipo hutafuta vitabu. Mimi mwenyewe niliingia katika historia kwa mlango huo. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba kuivunja hadithi huwapa nafasi watu wanaotaka kuuvunja ukweli wote. Nimewasikia kwa masikio yangu: kama vyumba si vya watumwa, basi na biashara yenyewe imetiwa chumvi. Jibu lipo, nalo halihitaji chumba chochote. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Hakuna mtawala anayeshinikizwa kufunga soko lisilokuwepo.

Kwa hiyo nasimama na wanaosahihisha, ila nao nawaomba subira, maana wao pia hukosea. Kwa miaka mingi wasomi wengi waliichukulia simulizi ya Washirazi, kwamba wahenga wa watu wa pwani walitoka Shiraz huko Uajemi, kuwa hekaya iliyotungwa na watu waliotafuta heshima ya ukoo wa mbali. Ilipofika mwaka 2023, uchunguzi wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Mtwapa na Manda, ulionyesha watu wengi ambao asili yao upande wa akina mama ilikuwa ya Kiafrika, na upande wa akina baba kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, kwa mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Haukuthibitisha kila jambo ambalo wazee walisimulia, na miji yenyewe ilikuwa imeanzishwa na wenyeji kabla ya hapo. Lakini wazee hawakuwa wamezua tu.

Ndiyo maana sioni faida ya kumwambia mwongoza wageni anyamaze. Aimbe ule wimbo wa wapagazi ufukweni, aeleze maana zote mbili za kubwaga moyo, kisha aseme watumwa wengi walipitia wapi. Mgeni atakayetaka kuwafuata hana safari ngumu: mabasi ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita Nangurukuru, na kutoka hapo Kivinje si mbali.