Mshale Uliokosea Unafundisha Nini? Mjadala wa Wawindaji wa Elki

Kila Septemba, katika misitu ya milima ya Rocky magharibi mwa Marekani, madume wa elki huingia katika msimu wa kupandana na kupiga mlio mrefu unaosikika kutoka bonde moja hadi jingine. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, na dume aliyekomaa huweza kufikisha kilo 300 na zaidi. Majimbo kama Colorado, Montana na Idaho huwafungulia wawindaji wa upinde msimu wao wakati huohuo, na wawindaji hunufaika kwa kuwa dume anayetafuta jike au mshindani huitikia mlio wa kuigiza na kusogea karibu. Akishafika, linabaki swali ambalo wawindaji hao wamelibishania kwa miaka mingi: ni wakati gani mshale uachiliwe, na ni wakati gani upinde ulegezwe bila kupiga? Wapo wanaosema kwamba jibu hupatikana kwa kukosea tu. Wengine wanasema kwamba makosa ya aina hiyo hayafai kuitwa shule, kwa sababu anayelipa karo si mwanafunzi.

Uzito wa swali hili unatokana na namna mshale unavyoua. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi nchini Tanzania, kama Wakamba wa zamani nchini Kenya, walipaka mishale sumu kwa ajili ya wanyama wakubwa, na kwa hiyo hata jeraha la pajani liliweza kutosha. Colorado inakataza mishale ya sumu. Inachodai ni upinde ambao kuuvuta kunahitaji nguvu isiyopungua ratili 35, yaani kilo 16 hivi, na chembe, yaani ncha ya mshale, chenye makali ya chuma na upana wa angalau sentimita 2.2. Mshale wa namna hiyo huua kwa kukata mapafu, moyo au mishipa mikubwa ya damu, na hauna mshtuko wa risasi wa kuusaidia ukienda pembeni. Eneo la mapafu ya elki, likitazamwa ubavuni, lina upana wa sentimita 35 hivi. Mbele yake kuna mifupa mizito ya bega, na nyuma yake ini, kisha tumbo.

Kwa hiyo upande wa tahadhari una kanuni inayoeleweka: piga mnyama aliyesimama ubavu, au aliyegeuka kidogo akielekea mbali nawe ili mshale uingie kupitia mbavu za nyuma na kuelekea bega la upande wa pili, na usipige kamwe nje ya umbali uliouzoea. Hoja yao yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya muda kuliko ya shabaha. Mshale wa upinde wa kisasa wa kapi husafiri takriban mita 85 kwa sekunde, hivyo kwa mita 50 huchukua karibu sekunde 0.6, ilhali sauti ya upinde humfikia mnyama katika robo ya muda huo. Elki anayetembea taratibu huweza kusogea zaidi ya nusu mita kabla mshale haujafika, na nusu mita ndiyo tofauti kati ya mapafu na tumbo. Mpigaji hodari anayegonga katikati ya shabaha ya majani makavu kila mara kwa mita 70 hajatatua tatizo hili hata kidogo, kwa kuwa shabaha haina miguu wala masikio. Makosa mengi yanayosimuliwa kuwa ni ya mkono yalikuwa ya uamuzi: mnyama alikuwa tayari amesimamisha masikio, au alikuwa katikati ya hatua.

Mgogoro mkubwa zaidi unahusu dume anayekuja uso kwa uso. Anayeitwa kwa mlio hutembea moja kwa moja kumwelekea mwitaji, akisimama kifua mbele, mara nyingi kwa mita chini ya 20, na wawindaji wa elki hukutana na hali hii mara kwa mara. Wanaoitetea nafasi hiyo wanasema kwamba pale shingo inapoungana na kifua pana njia laini inayofika kwenye mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo, na kwamba mshale ukipita hapo mnyama huanguka ndani ya sekunde chache. Hilo ni kweli. Wanaoipinga wanajibu kwamba njia hiyo ni nyembamba sana ikilinganishwa na ubavu mzima. Sentimita chache kulia au kushoto ni kiungo cha bega, chini ni mfupa wa kidari, na mshale ulioingia kwa mshazari huweza kutoboa pafu moja tu na kuishia tumboni bila kutokea, hivyo damu hubaki ndani na njia ya kumfuata hupotea. Hilo nalo ni kweli. Ninaegemea upande wa kukataa, isipokuwa kwa mtu mwenye mkono uliothibitika na mnyama aliye karibu mno, aliyetulia, asiyemwona. Masharti hayo yakikusanywa pamoja, nafasi inayobaki ni ndogo kuliko masimulizi ya watetezi yanavyodokeza.

Hata hivyo, upande wa uzoefu una hoja ambazo si haki kuzipuuza. Montana na Idaho zinamtaka mwindaji wa upinde aliye mpya kupitia mafunzo kabla ya leseni, lakini picha za darasani huonyesha mnyama aliyesimama wazi, kwenye ardhi tambarare, katika mwanga mzuri. Msituni kuna tawi jembamba lisiloonekana katika giza la jioni. Kuna mteremko: mita 40 zilizopimwa kuelekea chini kwa pembe ya nyuzi 30 zinapaswa kupigwa kama mita 35 hivi, na njia ya mshale ndani ya mwili hubadilika pia, kiasi kwamba alama sahihi ya kuingilia huweza kutoa mahali pabaya pa kutokea. Kuna moyo unaodunda hadi mtu akasahau kutazama pini ya kulengea iliyo kwenye upinde. Mambo haya hayafundishiki kikamilifu kwa maneno, na anayedai kuyajua kabla ya kukutana nayo hajitambui.

Shida yangu na hoja hiyo ni kwamba kosa halifundishi lenyewe. Hufundisha kadiri mtu anavyojua kilichotokea, na kwa mshale mara nyingi hajui. Mfano mzuri ni imani iliyoenea kwamba kati ya mapafu na uti wa mgongo kuna nafasi tupu ambamo mshale hupita bila kuua. Nafasi hiyo haipo, kwani mapafu hujaza kifua hadi kwenye uti. Ukweli ni kwamba pingili za mabegani zina miiba mirefu inayopanda juu, kwa hiyo uti wenyewe uko chini kuliko mgongo unaoonekana, na mshale unaodhaniwa kupita chini yake ulipita juu, katika nyama. Mtu aliyekosa hivyo akaamini nafasi tupu atalaumu bahati, na mara ijayo atalenga juu vilevile. Kibaya zaidi ni uamuzi mbovu uliozaa matokeo mema. Dume aliyepigwa kwa mita 65 akitembea, akaanguka karibu, humwachia mwindaji imani ambayo hakuna kozi itakayoiondoa kwa urahisi.

Ndiyo maana dalili za baada ya pigo zina thamani kubwa. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu huonyesha mapafu, na nusu saa ya kusubiri kwa kawaida inatosha. Damu nyeusi nzito huashiria ini, na subira yake ni ya saa kadhaa. Mabaki ya majani yenye harufu kwenye mshale ni ya tumbo, na hapo mwindaji hushauriwa kungoja saa sita au zaidi, ingawa joto la Septemba huharibu nyama na dubu huweza kumtangulia. Anayekimbilia kufuata mapema humwinua mnyama aliyekwisha kulala, kisha husema kwamba pigo ndilo lililokuwa baya.

Limebaki suala la gharama. Katika baadhi ya maeneo ya Alaska, dubu aliyejeruhiwa asipatikane huhesabiwa kama aliyeuawa katika idadi ya dubu ambayo mwindaji anaruhusiwa. Baadhi ya wawindaji wa elki hujiwekea sharti hilo kwa hiari na kufunga msimu wao. Wapinzani husema kwamba elki wengi waliopigwa kwenye nyama ya juu hupona, na kwamba si busara kumaliza msimu kwa ajili ya mnyama ambaye huenda bado anapiga mlio bondeni. Ninaikubali hoja yao kuhusu kupona, lakini bado naliunga mkono sharti hilo, kwa sababu anayejua kwamba tone la kwanza la damu litafunga msimu wake atakadiria nafasi iliyo mbele yake kabla ya kuvuta upinde, wakati ambapo hesabu hiyo bado inaweza kumsaidia mnyama.